Mvua na Jua Kutoka Juu: Tabaka na Umaskini katika Filamu za Mashujaa wa Marekani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuuacha usingizi wa Jumamosi asubuhi kwa ajili ya mazungumzo haya, nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nieleze namna usomaji wa Kimarx, yaani unaofuata mawazo ya Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani aliyechambua matabaka na kazi, unavyoweza kutusaidia kuzielewa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Naomba niiache nadharia kwa dakika chache, nianzie katika benki moja ya New York.

Katika filamu ya pili ya Spider-Man iliyoongozwa na Sam Raimi, ya mwaka 2004, Peter Parker, kijana ambaye kwa siri ndiye Spider-Man, anafuatana na shangazi yake, Bi May, kwenda benki. Bi May ni mjane ambaye nyumba yake inakaribia kuchukuliwa kwa sababu ya deni, na kijana naye amefukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa kuwa hakuzifikisha ndani ya dakika 29 ambazo mwenye duka aliwaahidi wateja. Ofisa wa mikopo anawasikiliza kwa adabu, kisha anawaeleza kwamba ombi lao halikukubaliwa. Bi May, akijaribu kuondoka na heshima yake, anasema angalau watapata ile mashine ya kuchomea mkate ambayo benki inawazawadia wateja wapya. Ofisa anamsahihisha: hiyo ni kwa wanaoweka kuanzia dola 300. Mara Daktari Octopus, adui wa filamu hiyo, anavamia kuja kuiba, na Peter, kijana yule yule aliyetoka kunyimwa mkopo, anachepuka, anavaa vazi lake, na kuipigania fedha ya benki kwa mwili wake mwenyewe.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kinachonishangaza ni wepesi wake. Kutoka kwenye mkopo ulionyimwa hadi kwenye fedha inayolindwa, filamu haitupi hata nafasi ya kushusha pumzi, sembuse ya kuuliza ni yupi kati ya wawili wale, mwizi au ofisa, aliyekuwa anakaribia kumtoa Bi May nyumbani kwake.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukibanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni ya inchi ishirini na moja, tulijifunza msamiati wa filamu kabla ya kusikia jina la Marx: kuna steringi, yaani shujaa mkuu, kuna adui, na steringi hafi. Lakini neno adui lina historia nyingine katika lugha yetu. Kizazi cha wazazi wetu kilifundishwa na TANU, na Mwalimu Nyerere akalirudia jambo hilo kwa miaka mingi, kwamba maadui wa taifa ni ujinga, umaskini na maradhi. Adui wa namna hiyo hana uso wa kupigwa ngumi, na hakuna pambano la mwisho linaloweza kummaliza saa moja na nusu baada ya filamu kuanza. Ili kumpiga, watu hukaa, huhesabiana, hugawana kazi, hugombana, hurudi kukaa tena. Ni jambo gumu kulifanyia sinema, nakiri.

Hoja yangu kwenu leo ni moja. Filamu hizi zinaujua umaskini. Zinaujua vizuri kuliko wakosoaji wake wanavyokubali, na mara nyingine zinaeleza chanzo chake kwa usahihi unaotisha. Kisichoruhusiwa kuonekana ndani yake ni maskini waliokaa pamoja wakapanga jambo. Kabwela wa filamu hizi ama ni mwathirika anayesubiri kuokolewa, ama ni sehemu ya kundi la wahuni linalochoma magari. Nafasi iliyo katikati ya hao wawili, ambayo sisi tungeiita chama, mgomo, ushirika, au hata kikao cha wapangaji wa nyumba moja, imekaliwa na steringi.

Haikuwa dhahiri tangu mwanzo kwamba mambo yangekwenda hivyo. Superman alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics, la Juni 1938, lililouzwa kwa senti kumi. Watunzi wake, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa Cleveland, Ohio, watoto wa wahamiaji Wayahudi, na Marekani ilikuwa haijapona mdororo mkuu wa uchumi. Katika toleo la tatu, la Agosti mwaka huo, mgodi unaporomoka na mchimbaji mmoja mhamiaji, Stanislaw Kober, anajeruhiwa vibaya. Kober anaeleza kwamba walikwishasema miezi kadhaa nyuma kuwa mgodi ule si salama, wakajibiwa na wasimamizi kwamba asiyeitaka kazi aache. Hapo Superman anafanya jambo ambalo sijaliona katika filamu yoyote ya miaka hii. Anavaa nguo za mchimbaji na kuingia kwenye karamu ya mwenye mgodi. Wageni, wakiwa wamechangamka kwa vinywaji, wanaona utakuwa mchezo mzuri kuihamishia karamu chini ya ardhi wakiwa na suti na magauni yao, na wakishateremka Superman anaangusha kifusi nyuma yao. King'ora cha hatari kinajaribiwa, hakilii. Mabwana na mabibi wanashika sururu, wanachimba, wanachoka, wanakata tamaa. Wanapotolewa, mwenye mgodi anaahidi kwamba mgodi wake utakuwa salama kuliko yote nchini.

Adui katika hadithi hiyo ni uhusiano wa kazi: mtu anayemiliki mgodi ambao haushuki, na watu wanaoshuka mgodi ambao hawaumiliki. Januari 1939 Superman anakwenda mbali zaidi, anabomoa mtaa mzima wa makazi duni kwa sababu amesoma gazetini kwamba eneo lililopigwa na kimbunga lilijengewa na serikali nyumba mpya za kodi nafuu. Na kweli serikali inajenga. Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyewahi kushuhudia bomoabomoa atakuwa na maswali yake kuhusu mbinu hiyo, lakini mtunzi alikuwa akiuliza swali halali, kwamba kwa nini umma hupata fedha za kujenga baada ya tufani na si kabla yake.

Tusiwakuze vijana wale kupita kiasi. Hata katika hadithi ya mgodi, wachimbaji wenyewe hawafanyi lolote. Kober yuko kitandani, wenzake hatuwasikii, na marekebisho yanakuja kama ahadi ya tajiri aliyetishwa. Ufa ulikuwapo tangu siku ya kwanza, na walioirithi kazi ile waliupanua. Vita vilileta maadui wa nje. Kisha kanuni za maadili ambazo wachapishaji wa majarida ya katuni walijiwekea mwaka 1954 zikaagiza kwamba polisi, mahakimu, maofisa wa serikali na taasisi zenye heshima wasionyeshwe kwa namna ya kuwavunjia watu imani na mamlaka. Zisome kanuni hizo halafu irudie karamu ya mgodini, utaona kwa nini haikurudi.

Siegel na Shuster walilipwa dola 130 kwa hadithi ya kwanza pamoja na haki zote za Superman. Walikwenda mahakamani wakashindwa, na ilipofika mwaka 1975, wakati filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa na magazeti yakianza kuuliza waasisi wako wapi, kampuni iliyommiliki Superman ikakubali kuwalipa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka. Hundi ya mwaka 1938 yenye malipo yale ya dola 130 ilipigwa mnada mwaka 2012, karatasi yenyewe ikauzwa dola 160,000. Sijui mfano mfupi zaidi wa kumweleza mwanafunzi maana ya kutenganishwa na zao la kazi yako.

Sasa turudi kwenye ule ufa, kwa sababu Marx aliueleza kabla ya sinema kubuniwa. Mwaka 1852 jarida moja la lugha ya Kijerumani lililochapishwa, kwa bahati, papo hapo New York, lilitoa uchambuzi wake wa namna Louis Bonaparte alivyotwaa madaraka Ufaransa Desemba 1851. Marx alijiuliza kwa nini mamilioni ya wakulima wadogo walimuunga mkono mtu ambaye hakuwa mwenzao. Jibu lake ni kwamba wakulima wale waliishi maisha yanayofanana, kila mmoja kwenye kijishamba chake, bila mahusiano ya kuwaunganisha. Walikuwa wengi kama viazi ndani ya gunia vilivyo vingi, navyo havijuani. Kwa kuwa hawakuweza kujisemea, walihitaji wa kuwasemea, na huyo aliwatokea kama bwana wao, mamlaka isiyo na mpaka inayowakinga na matabaka mengine na kuwateremshia mvua na jua kutoka juu.

Kutoka juu, ndugu zangu. Nilipoisoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwenye joho jekundu. Tazameni raia wa Metropolis, jiji la Superman, wa Gotham, jiji la Batman, na wa New York ya sinema: wanatembea barabarani kila mmoja na lake, na siku ya balaa wanafanya kitu kimoja tu kwa pamoja, nacho ni kuinua shingo na kunyoosha kidole angani.

Filamu inayostahili kukaliwa muda mrefu zaidi ni ile ya tatu na ya mwisho ya Batman ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2012. Wengi wetu tunaikumbuka kwa adui wake, Bane. Anavamia soko la hisa, na dalali mmoja anapomwambia kwamba hapo hakuna fedha ya kuiba, anamuuliza, sasa ninyi mnafanya nini hapa? Baadaye anaufungua mlango wa gereza na kutangaza kwamba jiji linarudishwa kwa wananchi. Matajiri wanatolewa majumbani kwa kuburutwa. Mahakama ya umma inaketi, na hakimu wake ni mwendawazimu tuliyemfahamu tangu filamu ya kwanza. Filamu ilikuwa ikipigwa picha katika miezi ile ile ambayo vijana wa Marekani, kuanzia Septemba 2011, walikuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street wakisema wao ni asilimia 99, na watazamaji wengi hawakuhitaji kuelezwa. Juu ya yote, mapinduzi ya Bane ni uongo hata kwa mwenyewe, maana kuna bomu la nyuklia linalosubiri kuwaua matajiri na maskini kwa usawa kamili. Waokoaji ni polisi wanaotoka chini ya ardhi na kuandamana dhidi ya wahuni, wakiongozwa na bilionea.

Kwa usomaji wa haraka, hiyo ni propaganda ya mabwanyenye, tufunge jalada. Mimi nawaomba tusifunge, kwa sababu ya mazungumzo mafupi yaliyo mapema katika filamu, ambayo watazamaji wengi huyapita. Askari kijana aitwaye Blake, mwenyewe aliyelelewa kituo cha yatima, anagundua kwamba vijana wanaotimiza umri wa kuondoka kituoni wanaingia kwenye mitaro ya maji machafu chini ya jiji. Anauliza, huko mtaroni kuna nini? Anajibiwa kwamba kuna kazi. Bruce Wayne, bilionea ambaye ndiye Batman, naye anamuuliza mtumishi wake Alfred kwa nini wakfu wa familia umeacha kukihudumia kituo kile, na Alfred anamjibu kwamba wakfu huendeshwa kwa faida ya kampuni, na ili uendeshwe sharti faida iwepo.

Hebu tuyaunganishe majibu hayo mawili. Malezi ya yatima yanategemea faida. Faida ikikauka, yatima wanakuwa nguvukazi ya ziada isiyo na mnunuzi, ile ambayo Marx katika kitabu chake cha mwaka 1867 aliiita jeshi la akiba la viwanda. Na hapa jeshi hilo limekuwa jeshi kweli, limeshuka chini ya barabara za jiji linalolikataa, na mwajiri pekee aliyebaki ni Bane. Sijui mhadhara wa uchumi wa siasa unaoweza kulisema jambo hilo kwa picha iliyo wazi zaidi. Halafu filamu inageuka na kulisahau. Vijana wale wakishapewa bunduki hatuwaoni tena kama watu wenye majina. Hakuna hata tukio moja, katika miezi mitano ambayo jiji limetengwa na dunia, linaloonyesha wakazi wa mtaa fulani wakigawana mkate au wakibishana nani alinde kisima. Mahali pekee ambapo wazo la mali ya wote linatamkwa na mtu wa kawaida ni katika nyumba iliyoporwa: Selina Kyle, mwizi aliyekuwa amewachukia matajiri maisha yake yote, anaitazama picha ya familia iliyovunjika na kusema kwamba hii ilikuwa nyumba ya mtu, na rafiki yake anamjibu kwamba sasa ni ya kila mtu. Kamera inatutaka tuhuzunike pamoja na Selina. Na mwisho, jumba la Wayne linageuzwa kituo cha yatima. Tumezunguka, tumerudi kwenye hisani ile ile iliyokatika mwanzoni, na hakuna anayeuliza nani atailipia mwaka utakaofuata.

Umberto Eco, mwanazuoni wa Italia, alikwishaeleza mwaka 1962 kwamba Superman, ambaye angeweza kuzalisha utajiri usio na kifani kwa dakika chache, hutumia nguvu zake kuwakamata wezi wa benki na kuandaa maonyesho ya hisani, kwa kuwa katika dunia yake uovu una sura moja tu, kuivamia mali binafsi, na wema una sura moja tu, kutoa sadaka. Gotham ya mwaka 2012 haijasogea hatua nyingi kutoka hapo. Filamu ya mwaka 2019 kuhusu Joker, adui wa Batman, imesogea kidogo: Arthur Fleck, mtu atakayekuwa Joker, anapoteza dawa na mshauri wake kwa sababu bajeti ya huduma za jamii imekatwa, na mshauri mwenyewe anamwambia kwamba wakubwa hawawajali watu kama Arthur, wala watu kama yeye mshauri. Kwa dakika moja wafanyakazi wawili wa jiji moja wanaangaliana wakiwa upande mmoja wa meza. Dakika inapita, na tunarudi kwa wahuni wenye vinyago.

Mtaniuliza kama nasema watengenezaji wa filamu ni vibaraka. Hapana. Engels, mshirika wa Marx, katika barua ya mwaka 1888, alimsifu Balzac, mwandishi aliyekuwa upande wa wafalme, kwamba aliieleza jamii ya Ufaransa kwa ukweli uliokwenda kinyume na mapenzi yake mwenyewe. Nalikumbuka hilo ninapomtazama Adrian Toomes katika filamu ya Spider-Man ya mwaka 2017. Toomes ni kontrakta mdogo aliyepata tenda ya kuondoa vifusi baada ya mashujaa kulipigania jiji na kulibomoa. Amenunua malori mapya, ameongeza vibarua wenye familia. Asubuhi moja wanafika watu wenye suti na hati ya serikali, na kumwambia kwamba kazi imehamishiwa kwa idara mpya inayoundwa na serikali kwa ubia na Tony Stark, tajiri ambaye ni mmoja wa mashujaa hao. Yaani kampuni ya aliyebomoa imepewa mkataba wa kufagia. Baadaye Toomes anamweleza Peter kwamba sisi tunajenga barabara zao na kupigana vita vyao, nao hawatujali, na tunaokota makombo yao. Peter hana jibu, na filamu haimtungii. Inamfanya Toomes awe muuza silaha na muuaji, ili tusilazimike kulitafuta jibu sisi.

Katika filamu ile ile ya 2004 niliyoanza nayo, kuna garimoshi. Spider-Man amelisimamisha kwa nguvu zake hadi akazimia, na abiria, watu wanaotoka na kwenda makazini, wanampokea kwa mikono na kumpitisha juu ya vichwa vyao, taratibu, hadi wakamlaza sakafuni. Adui anapoingia, wanasimama mbele yake mmoja baada ya mwingine wakisema kwamba akimtaka, apite kwanza kwao. Wanasukumwa kando, ndiyo, na haichukui hata nusu dakika. Lakini ni mara moja ninayoijua ambapo gunia la viazi limefunguka.

Kuhusu Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni katika filamu ya Black Panther, nitakuwa mfupi, ingawa najua ndiyo mliyoisubiri. Filamu ya mwaka 2018 iliwapa wengi wetu furaha ya halali, nami nilikuwa miongoni mwao, hasa kumwona Lupita Nyong'o kama Nakia, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye akili timamu kuliko wote mle ndani. Utajiri wote wa nchi ile unatoka mgodini. Tunauona mgodi, tunaziona treni zikipita kasi bila kelele, lakini hatumfahamu mchimbaji hata mmoja kwa jina. Stanislaw Kober ametoweka kabisa. Killmonger, adui wa filamu hiyo na mtoto wa Oakland, Marekani, anapewa hoja nzito kuliko zote kuhusu Weusi wanaoonewa duniani, kisha anapewa ukatili wa kutosha ili hoja zake zife pamoja naye. Anayezitungua ndege zenye silaha ni ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na hadhira inashangilia. Bara hili hili lina Kongo, ambako urani ya Shinkolobwe ilichimbwa ikaishia katika bomu la Hiroshima, na ambako, kama kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilivyoeleza mwaka 1975, CIA ilipanga njama ya kumuua Lumumba. Mwisho wa filamu mfalme ananunua majengo ya Oakland yawe kituo cha kuhudumia jamii. Jumba la Wayne, kwa mara nyingine, safari hii likiwa na mwenye nyumba Mwafrika.

Nimalizie na sehemu ya filamu ambayo kwa kawaida hatuiangalii. Disney iliinunua Marvel, kampuni ya mashujaa kama wale wa Wakanda, mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, na filamu moja tu ya mwaka 2019 iliingiza karibu bilioni 2.8 katika kumbi za dunia. Filamu hizi zina desturi ya kuficha kipande kidogo mwishoni kabisa, kwa hiyo watu hawatoki ukumbini. Wanakaa gizani, wanamalizia bisi, wanachezea simu, huku mbele yao yakipita maelfu ya majina madogo meupe: waliochora kila jiwe la jengo linaloporomoka, waliofuta kamba iliyomshikilia mwigizaji, walioliweka joho lipepee. Kila mtu anasubiri majina yaishe ili steringi arudi.

Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei, na waigizaji wakawafuata Julai. Katikati ya migomo hiyo, baadhi ya wenye majina yale madogo, walioajiriwa na Marvel moja kwa moja kusimamia picha hizo za kompyuta, walikaa wakazungumza kuhusu saa za kazi na malipo, kisha wakaomba kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kura ilipigwa, na Septemba mwaka huo ikahesabiwa. Haikupatikana hata moja iliyokataa.